Mwavuli Wenye Pua

Kabla hajakukatia kitambaa, Mama Fundi alikuwa akikuuliza swali moja: unapita wapi? Hakuuliza pikipiki yako ni ya aina gani wala unataka rangi gani. Ukimjibu kwamba unazunguka mjini tu, kati ya stendi na hospitali, alivuta futi yake akaanza kupima. Ukimjibu kwamba unakwenda Sigino, alikaa akafikiri kidogo. Ukimjibu kwamba unakwenda Bonga, aliweka mkasi chini, akakutazama usoni, akauliza swali la pili: ukifika Mlangoni unafanya nini? Jibu sahihi lilikuwa moja tu, na asiyekuwa nalo alirudi bila mwavuli, hata kama alikuja na fedha mkononi na sifa nyingi mdomoni.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, tangu mkoa wetu ukiwa bado unanukia rangi mbichi, ofisi zikifunguliwa na watumishi wageni wakishuka stendi na masanduku yao wakiuliza njia. Wageni wale ndio waliozidisha bodaboda, maana kila mmoja alitaka kufikishwa mahali. Mimi nikaanza kufundisha watu kuendesha pikipiki kwenye uwanja mmoja huko Singe, na kibaraza cha Mama Fundi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikichoka kupiga kelele, nilivuka nikakaa kwenye benchi lake. Aliniita Mwalimu. Nilimwamkia kila siku, naye aliitikia kwa marahaba ndefu yenye joto, kama mtu anayekupokea mzigo. Nalitaja hilo la marahaba kwa sababu yuko mtu mmoja mjini ambaye hakuipata kamwe, na habari za Mama Fundi hazielezeki bila mtu huyo.

Lakini kwanza Mlangoni. Ukitoka mjini kwenda Bonga kuna mahali barabara imekatwa katikati ya kilima. Ukiwa ndani ya mkato ule, kuta za udongo zinakukinga pande zote mbili, pikipiki inatulia, unaweza hata kusikia abiria wako akihema. Kisha, ukienda au ukirudi, kuta zinakwisha ghafla, na upepo wa mchana unakupiga ubavuni kama mtu aliyekuwa amejibanza akikusubiri. Ndiyo maana madereva wakapaita Mlangoni. Upepo wenyewe si mkali kuliko wa mahali pengine. Kinachoangusha watu ni kwamba punde tu haukuwepo.

Mwanafunzi wangu mgeni akipigwa hapo, hufanya kosa ambalo mimi na wewe tungefanya: anaukaza mwili. Asijilaumu, ni mwili unajitetea. Lakini mikono ikikaza, upepo unaokupiga kifuani unapita mikononi mpaka kwenye usukani, na wewe mwenyewe ndiye unayeigeuza pikipiki. Kwa hiyo ninawaambia: legeza viwiko. Bana tangi kwa magoti. Inamisha kifua. Punguza mwendo taratibu, usikanyage breki kwa hofu. Kisha sukuma mbele kidogo, kidogo sana, mpini wa upande unakotoka upepo, na pikipiki italalia upepo yenyewe, kama unavyoegemea mlango unaosukumwa kutoka nje. Inawezekana. Nimeona watu waoga kuliko wewe wakiweza katika wiki moja.

Hayo yote, hata hivyo, ni kwa mtu asiye na mwavuli uliofunguliwa. Mwavuli wa bodaboda ni mrefu. Unaanzia juu ya taa ya mbele na kuishia nyuma ya abiria, umeshikwa na vyuma kwenye usukani na kwenye keria. Ni kitu kizuri jua likiwa kali. Upepo ukiingia chini yake hauna pa kutokea. Upepo unaubeba mwavuli, mwavuli unaubeba usukani, na tairi la mbele linakuwa jepesi kama kuku aliyeshikwa mabawa. Hapo hata dereva wa miaka mingi anageuka abiria.

Ndiyo maana kuna desturi. Kabla ya kuingia kwenye mkato, upande wowote unakotoka, dereva anasimama, anakunja mwavuli, anauchomoa, abiria anaushikilia pajani kama fimbo, na mnapita Mlangoni hivyo, hata mvua ikinyesha. Mnalowa wote wawili. Watu wa Bonga hawalalamiki. Mgeni akilalamika, dereva humwambia kwamba nguo hukauka.

Miavuli ya Mama Fundi ilikuwa na matundu juu, kila tundu limefunikwa na kipande cha kitambaa kilichoshonwa upande mmoja tu, ili upepo ukiingia chini ukinyanyue utoke. Vijana waliyaita pua. Ubavuni aliweka mkanda ambao dereva angeuvuta kwa mkono mmoja, mwavuli ukajikunja. Mvua kubwa ikinyesha, pua zilidondosha maji kidogo, na hilo likawa mchezo wa kijiweni. Kijana mmoja mwenye maneno alimwambia mbele ya wenzake kwamba mwavuli wake una mafua, kwamba jana umemdondoshea mtumishi wa serikali kichwani kuanzia Sigino. Mama Fundi hakuinua uso kwenye cherehani.

"Afadhali mafua ya mwavuli," alisema. "Usipokuwa na pua, pamba atatiwa puani abiria."

Walicheka sana, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Kitambaa alikipima kwa kukining'iniza kwenye fremu ya mlango saa za alasiri na kukaa akikitazama. Kinachopiga kelele, alisema, kitachanika mapema. Kinachovimba kimya kimya ndicho cha kuogopa. Alitaka kile kinachovimba kisha kikapumua. Nilimwambia kwamba upepo hautabiriki. Alinicheka. Alisema upepo ni kama ng'ombe, una njia yake ya kwenda majini na saa yake ya kurudi, na anayesema umemjia ghafla ni mtu ambaye hakuwa anatazama. Alipenda kulisema hilo neno, ghafla. Alilitamka kama anatema kokwa.

Yeye mwenyewe hakupanda pikipiki. Alikula kutokana na kitu alichokichukia, na hakuona aibu kukuambia hivyo. Alitembea kwa miguu kutoka Singe mpaka sokoni, furushi kichwani, na madereva wakimpita walipunguza mwendo na kumwomba angalau wamchukulie furushi. Aliwapa furushi, akaendelea kutembea. Asubuhi za baridi, wakati upepo wa mlima Kwaraa unashuka na vijana wanavaa makoti kinyumenyume ili vifungo visipitishe baridi kifuani, aliwaonea huruma. Akashona makoti yenye zipu mgongoni na ukosi wa kufunika koo. Yeyote aliyemsikia akikohoa alimwita kibarazani, akamvisha, akamfunga zipu kama mtoto wa chekechea, mbele ya wenzake wanaocheka. Alikuwa na huruma nyingi. Haikuwa ya kumgawia kila mtu.

Wengi hudhani mwenye kisasi ni mtu mkali siku nzima. Mama Fundi alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukukaribisha chai, na alijua majina ya watoto wa kila dereva. Kisasi chake kilikuwa kama bomba lililofukiwa ardhini: juu nyasi zinaota, watoto wanacheza, na chini maji yanakwenda pale pale kila siku.

Mume wake aliimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na sauti yake, wanasema, ilitikisa vioo vya kabati. Alikwenda Bonga kumwona mgonjwa. Alirudi na pikipiki ya Paulo, kijana wa kijiwe cha stendi, mchangamfu, mwepesi, aliyependwa na wengi. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Walipotokea Mlangoni, pikipiki iliruka mtaro. Paulo aliinuka na mkono uliovunjika. Mzee hakuinuka.

Paulo alieleza hivi, na alieleza hivyo hivyo kwa kila aliyemuuliza: mwavuli aliukunja kama desturi inavyotaka, upepo ukaja ghafla, mzee akashtuka, akajitupa upande mmoja, akaivuta pikipiki. Upepo na mzee, basi. Hapakuwa na shahidi mwingine, na shauri likaishia hapo.

Waliofika kwanza walimfunika marehemu kwa kitambaa cha ule mwavuli, na kitambaa kikafika nyumbani pamoja naye. Siku hizo Mama Fundi alikuwa akishona sare za shule. Wanawake wakilia sebuleni, yeye alikigeuza kitambaa mkononi, kwa mazoea tu, kama wewe ungegeuza funguo. Mwavuli ukiwa umekunjwa ukaburuzwa chini, kitambaa huchubuka kwa nje, kama goti la suruali. Huu haukuwa na mchubuko. Mishono yake ilikuwa imefumuka kutoka tumboni kwenda juu, na vile vijimfuko vinavyoshika ncha za vyuma vilikuwa vimechanika vyote. Upepo ulikuwa umeujaza mpaka ukapasuka. Mwavuli ulikuwa wazi.

Aliniambia hayo miaka mingi baadaye, akinionyesha kwa kidole kwenye kitambaa kingine. Hakulia akieleza. Aliongeza tu kwamba kitu kilichomuuma si mshono.

Huku kwetu, mtu akifia mikononi mwako, hata kwa bahati mbaya, unakwenda msibani na wazee wako, unakaa chini, unasema ilivyokuwa. Hakuna anayekudai roho. Unasema, mnalia pamoja, na tangu hapo mnaweza kukutana sokoni. Paulo hakwenda. Kama kosa ni la upepo na la marehemu, yeye aende kusema nini? Na maneno yake yakaota miguu. Madereva wakaanza kuwaambia abiria wanapokaribia Mlangoni: tulia, usije ukafanya kama yule mzee wa kwaya. Hata wanafunzi wangu waliyarudia uwanjani bila kujua wanamsema nani. Mama Fundi aliyasikia kwa masikio yake sokoni, yakisemwa na dereva anayempakia mama mmoja aliyeshika kuku. Mume wake alikuwa amegeuka mfano wa abiria mwoga, aliyejiua mwenyewe na nusura amuue mtoto wa watu.

Aliporudi nyumbani siku hiyo alikusanya sare zote alizokuwa amezikata, akampelekea fundi mwingine. Kisha akakichukua kile kitambaa, akakifumua kipande kwa kipande, akakitandaza mezani, na humo akajifunza jinsi mwavuli wa bodaboda unavyokatwa.

Sasa unaelewa kwa nini aliuliza unapita wapi. Kila mwavuli aliouza ulitoka na maelezo. Mnunuzi aliuliza mkanda huu ni wa nini, naye akajibu kwamba kulikuwa na dereva ambaye hakufunga. Hakutaja jina. Alimwacha mnunuzi akaulize jina kijiweni, kwa hiyo kila mwavuli mpya ulioingia kijiweni uliingia na swali. Hakumtukana Paulo hata siku moja. Alimzungushia tu miavuli.

Na alimnyima marahaba. Paulo alipomkuta njiani alimwamkia, maana hakuna kijana wa hapa anayeweza kumpita mama wa umri ule kimya. "Shikamoo, Mama Fundi." Alimpita kana kwamba pamesimama mti. Kwa msomaji wa mbali hilo laweza kuonekana dogo. Jaribu kutoa shikamoo yako mbele ya watu, ikae hewani, isipokelewe, leo, kesho na mwaka ujao. Siku moja walikutana mbele ya benchi langu, nikashindwa kuvumilia kile kimya, nikaitikia mimi kwa niaba yake. Alinigeukia.

"Mwalimu," alisema, "usinipokelee."

Mchungaji alikuja kumsihi asamehe. Nilikuwepo, nikataka kuondoka, akaniambia nikae ninywe chai. Mchungaji alisema kwa upole mambo ambayo unaweza kuyakisia. Mama Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akamwongeza sukari.

"Mchungaji, upepo nimeusamehe," alisema. "Huyu mwingine hajaniomba."

Watu waliniuliza kama haki ilikuwa upande wake, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha mambo haya. Niliwajibu kama ninavyowajibu wanafunzi. Abiria akijitikisa, pikipiki inayumba, ni kweli, na dereva mzuri anaweza kuituliza. Lakini abiria aliyekaa nyuma hawezi kulinyanyua tairi la mbele hata angetaka. Kinachonyanyua tairi la mbele Mlangoni ni kimoja. Niliyasema hayo kila muhula, uwanjani, kwa sauti. Labda na mimi nilikuwa nikimsaidia kushona.

Paulo hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya awe mbaya ili habari inoge. Alichangia misiba ya watu wengine, alikuwa wa kwanza kumkimbiza mjamzito hospitali. Akapata pikipiki zake mwenyewe, vijana wakamwendeshea, akanenepa, akaanza kuvaa kofia ya pama. Mzee wa kijiwe alipoachia ngazi, Paulo akataka uenyekiti, na hapakuwa na mwenye sifa za kumzidi. Kikwazo kikawa kimoja, na kilisemwa kijiweni kwa utani kwanza, kisha bila utani: mwenyekiti ambaye Mama Fundi hamwitikii, atatuongozaje? Ataingiaje misibani kwa niaba yetu? Vijana wa siku hizi walikuwa wametoka mikononi mwa yule mama, wamevaa makoti yake, wanakunja miavuli kwa mkanda wake. Hawakuwa na ugomvi na Paulo. Walikuwa tu wanangoja aitikiwe.

Kwa hiyo akaja. Alikuja alasiri, na mfuko wa sukari, akaushusha kibarazani. Mama Fundi alikuwa amezeeka, mikono imeanza kumtetemeka, alikuwa akishona mistari iliyonyooka tu na kuwaachia mafundi wenzake kona. Paulo alimwamkia. Mama Fundi akakata uzi. Paulo akasema amekuja kuagiza mwavuli. Nilikuwa kwenye benchi, na nilimwona yule mama akiweka mkasi chini.

"Unapita wapi?" alimuuliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu msiba.

"Popote, Mama. Mjini, Sigino, Bonga."

"Ukifika Mlangoni unafanya nini?"

"Nafunga mwavuli."

"Tangu lini?"

Paulo alinitazama mimi, kana kwamba ninaweza kumwongezea jibu. Kisha akasema amekumbuka ana mtu anamsubiri stendi, akavaa kofia yake, akaondoka. Mfuko wa sukari ukabaki.

Baada ya siku chache nilipovuka barabara niliukuta mwavuli umening'inizwa kwenye fremu ya mlango. Ulikuwa mzuri. Kitambaa kizito, cha kijani, mishono miwili miwili kila mahali. Upepo uliposukuma, ulivimba kimya kimya ukabaki umevimba. Nikatazama juu. Haukuwa na tundu hata moja. Nikatazama ubavuni. Haukuwa na mkanda.

Nilimwambia kwamba amesahau pua.

"Sijasahau."

Nikamuuliza ni wa nani.

"Wa mtu aliyeniletea sukari."

Nilimwambia kwamba mtu akipita Mlangoni na ule mwavuli hataishi, na kwamba yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Alikubali. Nikamwambia kwamba nyuma ya Paulo atakuwa amekaa abiria, mke wa mtu au mume wa mtu. Hapo mikono yake ilitulia. Alisema kwamba ameshona, hajasema atampa. Mwavuli ulikaa pale mlangoni kiangazi chote, nami kila asubuhi nilipofika uwanjani nilitazama kwanza ng'ambo ya barabara kama bado upo, kabla ya kutazama wanafunzi.

Asubuhi ya kumchagua mwenyekiti haukuwepo.

Sikuwaaga wanafunzi. Nilikwenda stendi haraka, na nilipofika niliwakuta madereva wamekusanyika, pikipiki zimepangwa, Paulo kwenye kiti cha mbele na kofia mapajani. Mama Fundi alikuwa akivuka kuja kwao taratibu, na fimbo mkono mmoja, na kijani kile kimekunjwa kwapani. Wakampisha. Wale waliokuwa wamekaa wakasimama. Paulo naye alisimama, akasema shikamoo, sauti yake ikiwa ya chini, ya mtu aliyekwishajua jibu.

Hakuitikia. Aliwapa vijana wawili mwavuli wake waufungue na kuushika kwa vyuma. Upepo wa stendi ni mdogo, unakatwa na mabasi na vibanda. Hata hivyo uliuingia, mwavuli ukavimba, na wale vijana, wenye nguvu zao, wakasogezwa hatua moja nyuma wakashika kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa anajua anachokiona.

"Huu ni wako," alimwambia Paulo. "Nilikushonea ufe nao."

Kelele za stendi ziliendelea kama kawaida, makonda wakiita watu wa Arusha na wa Singida.

"Nikauangalia kiangazi kizima," aliendelea. "Nikaona ukifa utakuwa marehemu, na marehemu hasemwi vibaya. Tutakuja msibani tuseme ulikuwa mtu mzuri. Hapana. Nakutaka mzima. Sema."

Paulo alitazama mwavuli, akawatazama wenzake. Angeweza kuondoka. Nadhani kama angeondoka, wengi wangemsamehe baada ya mwezi, na uenyekiti ungesubiri mwaka mwingine. Lakini alikuwa amechoka pia. Nilikuja kuliona hilo hapo tu, mtu aliyebeba neno lile lile, ghafla, kwa miaka yote hiyo.

"Sikufunga mwavuli," alisema.

Alisema akitazama kofia yake. Waliokuwa karibu walisikia, wakaanza kunong'onezana. Mama Fundi alisubiri minong'ono iishe.

"Rudia," alisema. "Wale wa kule mwisho hawajasikia."

Paulo akainua kichwa. Akarudia, safari hii kwa sauti. Alisema mwavuli ulikuwa wazi. Alisema mzee hakujitupa upande, alikaa ametulia kama mzigo uliofungwa vizuri, mpaka mwisho. Kisha likatoka jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, ambalo hata ule mshono haukuweza kumwambia Mama Fundi.

"Alinigonga begani," alisema. "Kabla ya mkato. Aliniambia nifunge. Mimi nikamwambia basi la Arusha linaingia, nitakosa abiria."

Nilimtazama Mama Fundi. Miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kuona uso wake ukikosa la kufanya. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Dereva mmoja alimsogezea kiti cha Paulo, naye akakaa.

"Alisemaje?" aliuliza. "Maneno yenyewe."

Paulo alifuta uso kwa kofia.

"Alisema, 'Funga kwanza, baba. Hatuna haraka.'"

Upepo ulipita tena, wale vijana wakaukaza mwavuli. Mama Fundi alikaa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza sauti anayoifahamu ikitoka chumba cha pili. Nilidhani atalia, na wengi walidhani hivyo, maana wanaume kadhaa walikwishaanza kutazama chini. Badala yake alijiweka sawa kwenye kiti, akalaza fimbo mapajani.

"Ndivyo alivyokuwa akisema," alisema. "Hatuna haraka. Basi anza upya, Paulo, tangu mlipotoka Bonga."